Bei ya Jicho

Zamu ya mama kwenye chama ilifika mwezi wa pili. Wako wanawake kumi na wawili, wote wanauza Mutindwa, na kila mmoja hutoa elfu saba kwa mwezi. Jioni hiyo aliingia nyumbani, akaweka mkoba mezani, akaniambia hata kabla ya kuvua viatu: "Elfu themanini na nne. Enda utafute hiyo shule yako ya katuni, uniletee jina na karo."

Mama huuza nguo za watoto, mitumba. Pesa hizo zilikuwa za marobota aliyokuwa akiyapigia hesabu tangu Krismasi. Na haikuwa mara ya kwanza kuweka pesa za marobota mezani kwa ajili yangu. Alinilipia chuo kikuu miaka miwili na nusu, ile sehemu ambayo mkopo wa HELB haukufika, na mwaka wa tatu nikaacha. Sikufukuzwa. Niliacha tu, vile mtu huacha kwenda kanisa: Jumapili moja, halafu mwezi, halafu ikawa imeisha hivyo. Kwa hivyo swali ambalo nimekuwa nikilala nalo ni hili: mtu aliyemwaga karo mara moja ana haki gani ya kupokea mara ya pili? Na kama anayo, anunue nini nayo?

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mko kwa hali kama yangu. Mmechoka na kazi mnayofanya, ama kazi yenyewe imewachoka, na usiku mnaangalia video ya mtu akichora mpira unaodunda, mnajiambia hata mimi naweza. Kisha mnaanza kutafuta: shule gani ya animesheni ni ya bei nafuu? Nimeuliza hivyo kwa miezi mitano. Sasa naona kuna swali lingine linalotangulia hilo, na mimi nilichelewa kulifikia kwa sababu ya kazi niliyokuwa nikifanya.

Wacha niitaje. Nilikuwa nikiwaandikia watu insha zao. Mwanafunzi yuko Ohio ama Manchester, amepewa kazi ya kurasa nane kuhusu maadili ya uuguzi, hataki kuiandika. Analipa tovuti, tovuti inampa mtu mwenye akaunti, mwenye akaunti ananipa mimi, na kila mmoja anakata chake. Mimi niko Umoja, saa nane usiku, naandika juu ya wodi ambayo sijawahi kuikanyaga. Vijana wengi wa Nairobi wamelipa kodi ya nyumba hivyo. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024 imetuonyesha, na Uingereza ilikuwa imeshaharamisha biashara hiyo ya kuuza insha kwa sheria ya 2022. Mwishoni mwa mwaka huohuo ChatGPT ikaja. Kazi zilianza kupungua polepole, na mwaka jana kuna wiki nilipata insha moja tu. Hapo ndipo nilianza kusema nataka kubadilisha kazi. Ukweli ni kwamba kazi ndiyo ilinibadilisha.

Kwa miaka minne niliwasaidia watu kupata cheti bila elimu. Halafu nikaanza kutafuta elimu, na kitu cha kwanza nilichouliza kila mahali kilikuwa, "Mnatoa cheti?" Hii Nairobi yote, mimi ndiye mtu wa mwisho aliyefaa kuuliza hivyo. Mama naye alijua ninaandikia Wamarekani. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo alivyowaambia wenzake wa chama, kwa sauti ya mtu ambaye pesa yake haikupotea kabisa.

Nilipiga hesabu kama mtu wa soko. Chuo cha kwanza kiko mjini, kina vifaa vya maana na kazi nzuri za wanafunzi ukutani. Karo ya muhula mmoja ingemeza pesa zote za mama na bado nidaiwe, na kozi ina mihula kadhaa. La pili lilikuwa darasa la miezi mitatu, ghorofa ya nne, mahali huko chini ya mji, elfu thelathini na tano. Nilienda jioni moja nikakuta kompyuta kumi na mbili, mwalimu mmoja na wanafunzi kama thelathini wakipokezana viti. Nilimngoja kijana mmoja nje, nikamuuliza wiki hiyo mwalimu alisema nini kuhusu kazi yake. Akafikiria sana. "Alisema nisevu," akaniambia.

La tatu lilikuwa kukaa nyumbani na kujifunza bure. Na hiyo bure si maneno. Blender haiuzwi. Krita, ya kuchorea, unaipakua bure. Triggerfish, studio ya Afrika Kusini, ina mafunzo yake mtandaoni bila malipo. Zile kanuni kumi na mbili za animesheni ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney waliziweka kwenye kitabu cha The Illusion of Life mwaka 1981, leo zimeelezwa na watu wasiohesabika kwenye YouTube. Na mtu asikuambie programu ya bure ni ya kuchezea: Flow, ile filamu ya paka kutoka Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, na Machi 2025 ilishinda Oscar ya filamu bora ya animesheni. Kompyuta ninayo, ile ya insha, inataka tu kuongezwa memori. Kibao cha kuchorea, elfu sita na mia tano. Intaneti tunagawana na jirani. Nikichoka na kelele za ploti, kuna maktaba ya Makadara, ile iliyokarabatiwa na Book Bunk, na kukaa hapo na daftari hakuna anayekuuliza kitu.

Nikamwambia mama arudishe pesa zake kwa mkoba, maana nimepata ya bure. Nilidhani atafurahi.

"Ya bure imelipwa na nani?" akauliza.

Kwa mtu wa Mutindwa hilo ni swali la kawaida. Nguo ukipewa bure, kuna mtu ilimtoka. Nikaenda kuangalia. Kumbe Blender ilikuwa mali ya kampuni moja ya Uholanzi, kampuni ikaanguka mwaka 2002, na mwanzilishi, Ton Roosendaal, akaomba watu wachange euro 100,000 ili programu iachiliwe iwe ya kila mtu. Zilichangwa kwa wiki saba. Mwaka huo nilikuwa na miaka mitatu. Watu nisiowajua walilipa kabla sijaenda hata nasari. Nikakumbuka pia Shujaaz, ile komiki iliyoanza 2010, iliyokuja ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Hapo ndipo niliona Sheng ikiwa imeandikwa na kuchorwa, mtaa kama wetu ndani yake, na sikuwahi kujiuliza wachoraji wanakula nini. Kwangu ilikuwa bure kwa sababu mahali fulani kulikuwa na mtu aliyelipa.

Basi nikajifunza peke yangu, miezi mitatu. Mpira unaodunda. Gunia la unga linaloruka. Halafu mtu anayetembea. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Ukiacha kila mchoro ukae fremu mbili, sekunde moja inakula michoro 12, na hatua mbili za mtu asiye na haraka hukaa vizuri ndani ya sekunde hiyo. Nilichora kumi na mbili yangu, nikarusha kwenye grupu letu la WhatsApp. Moto, moto, moto. "Msee umeiva." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia. Niliongeza kofia, nikaongeza kivuli, nikaongeza mvua nyuma. Lakini nilikuwa najua kuna kitu kibaya. Mtu wangu alitembea kama anayetembea ndani ya ndoto, na hakuna video iliyoweza kunisaidia, kwa sababu video inaeleza jinsi watu wanavyotembea. Haiwezi kumuona huyu wangu.

Aliyemuona ni fundi mmoja wa Jericho anayechora matatu. Binamu yangu ni kondakta, siku moja tulipeleka gari lao lipigwe rangi, na nikiwa nangoja nikatoa simu. Fundi akaangalia. Akarudia. Akaangalia mara nne, rangi ikikauka kwenye brashi.

"Huyu anaenda wapi?"

"Kazini."

"Haendi. Anaelea. Hana mwili huyu." Akanirudishia simu. "Mifereji ikikauka, enda pale kwa maji asubuhi, uangalie watu wakibeba mitungi. Usichukue video. Angalia."

Mifereji haikuchukua muda kukauka, hii ni Eastlands. Asubuhi tatu nilikaa kwenye jiwe karibu na mahali wanauzia maji. Mtungi ni lita ishirini, kilo ishirini. Mama mmoja alibeba kwa mkono wa kulia, na mwili wake wote ukaenda kushoto, mkono wa kushoto ukatoka nje kama anayeshika ukuta usiokuwapo. Mguu wa upande wa mzigo ulitua chini mara moja, bila adabu. Baada ya hatua kama thelathini akabadilisha mkono. Na hapa ndipo nilipoacha kuandika nikabaki kuangalia: kwa hatua mbili baada ya kubadilisha, bado alitembea kama mzigo uko upande wa kwanza. Mwili ulikuwa haujaambiwa.

Nimetazama saa nyingi za mafunzo na sikulijua hilo. Nililijua kwa sababu mtu mmoja alipoteza dakika nne za mlango wa matatu ili aniambie mtu wangu anaelea.

Hapo ndipo nikalipata lile swali linalotangulia. Kabla ya kuuliza karo ni ngapi, uliza: nani ataangalia kazi yangu, mara ngapi, na ana sababu gani ya kuniambia ukweli? Katika miaka yetu hii karibu kila kitu cha kujifunzia sanaa kimeshuka bei. Programu, vitabu, masomo, hata filamu za kuigiza mwendo. Kilichokataa kushuka ni jicho. Video ikitazamwa na watu milioni moja haimpunguzii aliyeitengeneza hata usingizi. Lakini jicho likiangalia kazi yako haliwezi kuangalia kazi nyingine wakati huohuo. Ukitaka kujua kama shule ni ghali ama ni rahisi, gawanya karo kwa idadi ya mara ambazo mtu anayejua atakaa mbele ya mchoro wako. Ile ya elfu thelathini na tano ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Huwezi kugawanya kwa sifuri.

Na sasa niseme kitu ambacho sijakisema popote. Zile insha, mara nyingine zilirudi. Profesa ameandika maoni pembeni, mwanafunzi hata hajayasoma, ameyasukuma kwangu yalivyo: rekebisha. Nilikuwa nayasoma usiku. Kulikuwa na mama mmoja, nadhani ni mama, aliyekuwa akieleza kwa upole kabisa kwa nini aya ya tatu haifuati ya pili. Alimwandikia mwanafunzi wake, na ni mimi niliyejifunza. Kama naweza kuandika ukurasa huu ukaeleweka, sehemu yake imetokana na macho ya walimu walioibiwa kazi yao bila kujua, kwa karo ya mzazi mmoja wa mbali ambaye naye hakujua. Huku nyuma mama yangu alikuwa amelipa karo ya macho ambayo mimi sikwenda kukaa mbele yake. Watu huniuliza kosa la biashara ile lilikuwa nini, maana kila mtu alikubali na kila mtu alilipwa. Kwangu kosa ni hilo. Tulifanya jicho la mwalimu liangalie mahali hakuna mtu.

Kwa hivyo sikutaka kumtumia fundi bure. Nilirudi Jericho na elfu mbili. Akacheka. "Elfu mbili itanifanyia nini? Kuja Jumamosi, kuna bodi ya kupigwa msasa."

Si jambo geni pwani hii ya Afrika. Edward Saidi Tingatinga hakusoma shule yoyote ya sanaa. Miaka ya mwisho ya sitini, kule Dar es Salaam, alichora wanyama kwenye vibao kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Ndugu na jamaa wakakaa karibu naye, wakamsaidia, wakajifunza hivyo. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mikono ya wengine. Mwaka 2010 CBeebies ya Uingereza ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni zilizochukua mtindo ule, na zilitengenezewa hapa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz. Nikifuata uzi huo nyuma, naanzia kwenye skrini ya watoto wa London na kuishia kwenye kibao cha mtu aliyelipwa ada ya mafunzo kwa kusaidiwa kazi.

Lakini tusidanganyane. Nairobi imejaa watu wanaotaka upige msasa wao bure milele. Kuja ufanye, utapata jina. Kuja ufanye, mteja mkubwa ataona. Tofauti iko wapi kati ya kufunzwa na kunyonywa? Nimefikiria hili nikiwa na vumbi la rangi puani, na naona vitu viwili. Kwanza, fundi huangalia michoro yangu kabla sijashika msasa, siyo baadaye kama muda utapatikana. Deni lake hulipwa kwanza. Pili, kila wiki ananipa kitu kinachopunguza sababu ya mimi kumhitaji. Anayekunyonya hukufunza kiasi cha kumfaa yeye, halafu anasimama hapo. Siku nitakayoona Jumamosi tatu zimepita nimepiga msasa na hajauliza michoro iko wapi, nitamsalimia vizuri nibaki nyumbani.

Wala sisemi shule ni upuzi. Ng'endo Mukii, Mkenya, alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 akiwa Royal College of Art kule London, na mwaka 2023 filamu yake Enkai ikawa ndani ya Kizazi Moto kwenye Disney+. Chuo kizuri ni nyumba ya macho mengi, pamoja na ya wanafunzi wenzako, na hayo hayapatikani kwenye gereji. Kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaona kwenye kazi yangu. Hajawahi kupanga filamu nzima, hajui sauti, hajui kuuza. Aliye na uwezo wa kulipia nyumba hiyo alipe, na akaribie kila jicho lililomo hadi limfukuze. Nami nikipata nafasi nitaenda. Ninachokataa ni kumlipisha mama majengo ili nisione aibu nikiulizwa umesomea wapi.

Basi ilibaki kumwambia. Nilimkuta akikunja suruali ndogondogo za kesho.

"Mama, zile kazi za Wamarekani. Nilikuwa nawafanyia masomo yao. Wanafunzi."

"Wanafunzi?"

"Eeh."

"Na wao walikuwa wakifanya nini?"

"Sijui."

Akakunja suruali nyingine, akainyoosha kwa kiganja. "Kwa hivyo uliacha yako ukasoma ya watu."

Sikuwa na la kujibu. Baadaye, nikidhani mazungumzo yameisha, akauliza, "Na huyo wa matatu, ukikosea anakuambia?"

"Kila Jumamosi."

"Anataka pesa?"

"Anataka bodi ipigwe msasa."

Akatoa daftari la chama. Elfu sitini na tisa alisema zinaenda Gikomba asubuhi, kwa marobota. Elfu kumi na tano, za memori na kibao, akaandika jina langu, tarehe, na riba ya asilimia kumi kama mwanachama yeyote. Nikatia sahihi. Nilijaribu kufanya mzaha, nikamwambia hata chuo hakikunitoza riba.

"Ile ya chuo sikuiandika mahali," akasema. "Ndiyo maana hukuiona."

Nimelipa miezi miwili. Mama wa mtungi amefika michoro arobaini na nane, pamoja na zile hatua mbili ambapo mwili haujaambiwa. Jumamosi iliyopita fundi alimwangalia mara mbili tu, safari hii. Akasema ana mwili sasa, lakini mkono wa kushoto unachelewa, na mtungi unaonekana hauna maji.